Nani Amebeba Gunia?

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi moja mjini Mbeya, mbele ya wanachuo, wazazi na walimu wastaafu wenzangu. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, isipokuwa mizaha nimeipunguza.

Wazee wangu, shikamooni. Mugonile, kwa Kinyakyusa chetu. Na kwa kuwa miaka zaidi ya thelathini nimeishi Iringa nikiwa mke wa Mhehe, kamwene nayo niitoe, nisije nikaulizwa nyumbani. Vijana, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo nimelikimbia miaka yote ya ualimu: wema na ubaya ni vitu vya kweli kwa kila mtu, popote alipo, au ni mila za kila kabila na ladha ya kila moyo? Kijana aliyeniletea barua ya mwaliko aliniambia jibu analo tayari. "Mama, kila jamii na maadili yake. Hakuna wa kumpimia mwenzake." Neno lake hilo la kupima nimelibeba, na ndilo nitakalozunguka nalo asubuhi hii.

Nianze na viazi.

Nimekulia Isyonje, kwenye baridi ya milima ya Uporoto. Baba alilima viazi na pareto. Wakati wa mavuno mnunuzi alikuja na lori, na magunia alikuja nayo yeye mwenyewe. Gunia likishajaa halikufungwa. Lilishonewa kipande cha gunia jingine mdomoni, viazi vikaendelea kuingia mpaka likaota kichwa juu ya kichwa. Hiyo ndiyo lumbesa, na watu wa Mbeya na Njombe hawahitaji kuelezwa. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100. Lumbesa inazidi, na bei inabaki ya gunia moja.

Siku moja, nikiwa darasa la sita, nilimwuliza mnunuzi kwa nini gunia likijaa halifungi. Hakukasirika hata kidogo. Alicheka, akasema, "Binti, ndiyo desturi ya soko." Baba akanipiga jicho la kuninyamazisha, maana lori lilikuwa moja na mawingu yalikuwa mengi.

Nilikuja kujua ukubwani kwamba neno la mnunuzi yule lina ukoo mrefu. Wagiriki wa kale walikuwa na Protagoras, aliyesema mtu ndiye kipimo cha vitu vyote. Mnunuzi wetu alikuwa amelirekebisha kidogo: mwenye lori ndiye kipimo cha vitu vyote.

Tumpe haki yake, lakini. Vipimo kweli ni makubaliano. Debe ni makubaliano, pishi ni makubaliano. Hata kilo. Tangu 1889 kilo ya dunia nzima ilikuwa kipande cha madini ya platini na iridi kilichofungiwa karibu na Paris, na ilipofika Mei 2019 wakubwa wa vipimo wakaachana nacho, wakaifafanua kilo kwa namba ya kifizikia. Walikaa kikao, wakapiga kura. Ila hakuna kikao kilichowahi kuupigia kura uzito. Kuli wa Dar es Salaam anayeshusha lumbesa ya Isyonje mgongoni haijui Paris, wala haihitaji. Magoti yake yanajua.

Watu wa pwani wana methali: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Isikilizeni vizuri. Haisemi kwamba mzigo wa mwenzio ni mwepesi. Inakusema wewe unayeutazama ukaona usufi.

Basi niseme mapema, ili mwenye basi la saa sita aondoke na chake: nadhani vipimo vya maadili tunavitunga wenyewe, ndiyo maana vinatofautiana kutoka bonde hadi bonde. Uzito hatuutungi. Na wa kwanza kuujua ni aliyebeba.

Sasa nijipinge, kwa sababu kijana wangu wa barua ana hoja yenye nguvu kuliko anavyodhani mwenyewe.

Mama yangu hakuwahi kumtazama usoni babu yangu mzaa baba. Naona Wahehe mliopo mnaguna. Wanyakyusa mmenyamaza, mnajua. Mkamwana hakutani macho na baba mkwe. Akimwona njiani anaingia migombani, anajifunika. Jina la mkwe halitamki, na hata neno la kawaida lenye sauti kama ya jina hilo analikwepa, anatafuta jingine. Kukwepa huko kuna jina lake, ingamwana. Mama alizungumza Kinyakyusa chenye mashimo, na mashimo yote yalikuwa na umbo la babu.

Nilipoolewa Iringa, damu ikanituma nijifiche. Baba mkwe wangu alinikuta nyuma ya ghala la mahindi nimejikunyata, nimejitanda kanga hadi machoni. Akadhani naumwa. Akamtuma mtoto dukani aniletee dawa.

Je, mimi nilikuwa na adabu na wale hawana? Au wao ndio wenye akili na sisi washamba? Hapa msemaji wa "kila jamii na yake" yuko sahihi kabisa, nampigia makofi. Heshima ni moja, njia zake ni nyingi, na mwenye kudhani njia ya kwao ndiyo heshima yenyewe hajasafiri hata hadi Makambako.

Lakini hadithi haiishii hapo. Nikiwa na cheti changu cha ualimu na kiburi chake, nilirudi nyumbani likizo nikamwambia mama kwamba ingamwana ni uonevu wa wanawake. Nikamwuliza, mzigo ule ulikuwa mzito kiasi gani? Alikuwa anamenya ndizi, hakuacha kumenya. "Wewe ni wa kwanza kuniuliza," akasema. Akafikiri. "Maneno yalinilemea miaka miwili, mitatu. Baadaye ulimi unapita wenyewe. Lakini kwa ajili ya ingamwana, hakuna mzee wa mji ule aliyekanyaga jikoni kwangu wala kunitazama vibaya. Kizito kilikuwa kupanda mlima na maji kichwani, mimba ya miezi minane. Hilo sijasikia mkiliita mila."

Jibu hilo lilinirudi mara mbili. Palipokuwa pepesi mimi nilipaona pazito, kwa sababu panashangaza wageni. Palipokuwa pazito sikupaona kabisa. Sasa mtu akiniambia mila fulani ni ya kikatili, au ni tamu na inalinda utu wetu, humwuliza kwanza: umemwuliza nani?

Kuna kosa jingine tunalolifanya tukisema "jamii fulani inaamini hivi". Tunadhani jamii ina mdomo mmoja. Miaka ya 1930 Monica Wilson na mumewe Godfrey, wanaanthropolojia, walikaa Rungwe wakiwasikiliza wazee wetu. Waliandika habari za vijiji vya rika, wavulana wa miaka kumi hivi wanaondoka kwa baba zao na kujenga chao, na habari za kile walichokiita pumzi ya watu. Mtu akimkosea baba yake, au akila peke yake, majirani wananung'unika, na manung'uniko yao yanampuliza baridi mpaka anaugua. Mimi ni Mmoraviani wa ubatizo, siwaombi muiamini baridi hiyo. Nawaomba mtazame alichoweza kufanya mgonjwa. Aliweza kukiri kosa, akafanya karamu, akapona. Au aliweza kusema: hii si pumzi ya watu, huu ni uchawi, ni chuki ya mtu. Nguvu ilidhaniwa ni ileile, ya wale wanaoona usiku. Ubishi ulikuwa kama imetumika kwa haki au kwa wivu.

Nasoma hapo kwamba babu zetu, ambao leo tunawasingizia kwamba kwao mila ilikuwa basi, hawakuridhika na "majirani wamesema". Waliuliza majirani wana haki ya kusema hivyo au hawana. Swali hilo halina maana kama wema ni yale tu ambayo majirani wanayakubali.

Wanafunzi wa falsafa mnangoja nimtaje Herodotus. Haya, namtaja, haraka. Alisimulia, karne ya tano kabla ya Kristo, kwamba mfalme Dario wa Uajemi aliwaita Wagiriki akawauliza watataka fedha kiasi gani ili wazile maiti za baba zao. Wakasema hakuna fedha ya hivyo. Akawaita watu wa upande wa India, ambao kwao kumla baba aliyefariki ndiyo kumheshimu, akawauliza watataka kiasi gani ili wamchome moto. Wakapiga yowe, wakamsihi asitamke maneno hayo. Herodotus akasema desturi ndiyo mfalme wa wote, na kisa hicho kimefundishwa hivyo hadi leo.

Mimi kinachonishika ni swali lenyewe la mfalme. Kiasi gani? Watu wasioelewana juu ya kitu chochote walikubaliana papo hapo kwamba hilo halina bei. Dario hakuliona. Alikuwa anaangalia moto na meno.

Bei ilikuja kuwekwa huku kwetu. Agosti 1891 Wahehe waliwapiga Wajerumani pale Lugalo, wakamwua kamanda wao Zelewski. Mwaka 1894 Wajerumani wakarudi na mizinga, Kalenga ikaanguka, na Mkwawa, mtawala wao, akaingia porini. Miaka minne hawakumpata. Wakatangaza rupia 5,000 kwa kichwa chake. Julai 1898, pale Mlambalasi, alipoona wamemzingira alijipiga risasi. Wakakikata kichwa, kikapelekwa Ujerumani. Kwao huko maiti ilikuwa na sheria ya kuilinda, naomba mlikumbuke hilo. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, ukaiamuru Ujerumani irudishe fuvu hilo ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa zaidi ya miaka thelathini. Gavana Twining alilichukua katika makumbusho ya Bremen, likarudi Kalenga 1954, mwaka uleule chama cha TANU kilipozaliwa.

Kama maadili ni desturi tu, Wajerumani walikuwa na desturi yao ya kukusanya mafuvu na Wahehe walikuwa na yao ya kumzika mtwa wao, yaani mtawala, mwili wake ukiwa kamili. Lalamiko letu lote la miaka hiyo linageuka kuwa la mla ugali kumshangaa mla wali. Mnakubali hivyo? Mimi nimekaa na wazee wa Kalenga. Hawakuwa wanasema "hatukupendezwa".

Ila ukishautoa mzani kabatini, hauchagui wa kumpima, na mume wangu hapendi nifike hapa. Utengule hapo jirani na Mbalizi, ambako wengi wenu mnapita kila wiki, Merere, mtawala wa Wasangu, aliishi kama mkimbizi. Wahehe walikuwa wamemfukuza Usangu, wakateka ng'ombe na wanawake. Wajerumani walipokuja, Wasangu wakasimama nao. Iringa tunaita usaliti. Lakini yule mwanamke wa Kisangu aliyeswagwa kwenda Uhehe pamoja na ng'ombe hakubeba "utamaduni wa Kihehe". Alibeba alichobeba. Na Wasangu nao, kabla ya hapo, walikuwa wameutembeza mkuki kwa majirani bila kuwauliza. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Methali hii tunaichekea, nami nadhani ndani yake kuna nusu ya somo lote la maadili. Kila aliyeshika mkuki alikuwa na mila ya kuueleza. Aliyechomwa alihitaji maelezo gani?

Mtanijibu, na mtakuwa na haki: mama, si hao Wajerumani ndio waliosema wana mzani wa dunia nzima? Si walituletea ustaarabu kwa mzinga? Kweli. Ndiyo maana mwaka 1947 chama cha wanaanthropolojia wa Marekani kiliandikia Umoja wa Mataifa kuonya kwamba tamko la haki za binadamu lisije likawa mawazo ya Ulaya na Marekani yaliyovalishwa kanzu ya dunia. Onyo la heshima. Tanganyika yenyewe haikuwa na kura. Tulikuwa nchi ya udhamini, tukisemewa na Mwingereza. Tamko likapita tarehe 10 Desemba 1948, nchi 48 zikikubali, hakuna iliyokataa, 8 zikijizuia.

Sasa tazameni mojawapo ya zile 8: Afrika Kusini, mwaka uleule makaburu walipoingia madarakani na siasa yao ya ubaguzi. Mtetezi wa ubaguzi hahitaji hoja nzuri kuliko ile ya kijana wangu wa barua: kila jamii na utaratibu wake, hakuna wa kumpimia mwenzake. Wanyonge waliokuwa wanadai uhuru hawakuitumia hoja hiyo hata siku moja. Sisi tulikariri shuleni kwamba binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja. Azimio la Arusha, 1967, linaanza kwa imani kwamba binadamu wote ni sawa. Halikusema Watanzania wote. Halikusema "kwa mila yetu". Lingesema hivyo lisingemkera mtu yeyote, na lisingemfaa mtu yeyote.

Kwa hiyo mkoloni alikosea wapi? Hakukosea kuwa na mzani. Alikataa kuupanda.

Nataka nipite haraka kwenye jambo chungu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mkoa huu ulitajwa nchi nzima kwa habari za watu kuuawa na kuchunwa ngozi. Wazazi wa hapa tuliwakataza watoto kutembea jioni. Baadaye, katika nchi yetu, wakauawa ndugu zetu wenye ualbino. Mgeni mmoja aliniambia kwa sauti ya huruma, "ni imani za kwenu." Nilichukia kuliko kama angenitukana. Mila huchezewa ngoma mchana, na watoto wakatazama. Kitu kinachofanywa usiku, kikafichwa kwa jirani, kikakanwa mahakamani, aliyekifanya mwenyewe anakijua jina lake.

Sitaki mwondoke mkidhani nimeshinda. J. L. Mackie, mwanafalsafa wa Australia, aliandika mwaka 1977 kwamba kama wema upo wenyewe, nje ya vichwa vyetu, basi ni kitu cha ajabu kuliko vyote: hauonekani, haushikiki, halafu unatuamuru. Sina jibu la kumnyamazisha. Mfano wangu wa gunia unapindia hapohapo. Gunia naweza kulipandisha kwenye mzani wa chuma, na chuma hakina kabila wala shangazi. Uzito wa fedheha, uzito wa kutekwa, sina chuma chake. Nina kuuliza tu. Na aliyebeba naye anaweza kunidanganya, au akazoea mpaka asisikie. Mama alisema ulimi unapita wenyewe. Ulikuwa umepata wepesi, au ni bega lililokufa ganzi? Ameshafariki, na kila nikimenya ndizi swali hilo linarudi.

Kidogo ananisaidia Kwasi Wiredu wa Ghana. Yeye aliona kwamba mila zinaweza kupishana tunavyotaka, mahari, maziko, salamu, ila kuna kitu ambacho jamii ya watu haiwezi kukiacha ikabaki jamii: kuyapima mambo ya mwenzako kwa huruma ileile unayoyapimia yako. Nimelipenda kwa sababu haliombi kitu kinachoelea angani. Linaomba ukae upande wa pili wa gunia.

Nilitaka kuishia hapo, maswali yakaanza. Mzee mmoja alitaka kujua kama vijana wa leo wanaishika ingamwana; nikamwambia awaulize wao, naye akasema ndiyo tatizo, hawapo nyumbani. Mwanachuo mmoja akauliza kuhusu dini, kama wema ni wema kwa sababu Mungu kauamuru. Nikamjibu kwa kifupi kwamba hata Ibrahimu, alipoiombea Sodoma, alimwuliza Mungu kama mwamuzi wa dunia yote hatatenda haki, na hakukemewa kwa kuuliza.

Wa mwisho alikuwa kijana wa viatu vyenye udongo mwekundu. Alisema yeye ananunua viazi, na tangu mwanzo alihisi nazungumza naye. "Mama, mkulima anakubali. Hakuna anayemshika mkono. Bei tunaitaja, gunia analiona, anapokea hela. Kama wote tumekubali, dhambi iko wapi?"

Nikamwuliza: mkulima angekuwa na lori lake, angekubali?

Akacheka. "Asingekubali."

Ulishawahi kubeba?

"Nilianza kwa kubeba, mama. Miaka minne, kabla sijapata mtaji." Akashika kiuno bila kujua, ukumbi ukacheka, naye akacheka. "Hapo umenishika pabaya. Lakini nisipojaza mimi atajaza mwenzangu, na kesho nina oda ya gunia arobaini."

Nikamwuliza atazifungaje.

Akasema atanipigia simu. Namba nilimwandikia kwenye karatasi ya mwaliko, kwa herufi kubwa. Leo ni siku ya tisa.